Lianja ni wa nani? Juu ya wacheza-ngoma wa leo na wale wa 1974

Ndani ya kitabu hiki tumezoea kuandika mambo ya wazee: mahari, majina ya mapacha, lokole ya Walokele. Safari hii tunaomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo. Tunataka kusema juu ya watu ambao wengi kati yetu wanawahesabu kuwa waharibifu wa mila: wale vijana wanaocheza bila ngoma, wanaosimama kimya mbele ya watu kwa dakika nyingi, wanaanguka, wanaamka, halafu wanasema eti ile ilikuwa kazi.

Jambo hili lilitufikia nyumbani. Vijana wanne walikuja kwenye mukutano wa chama kuomba tuwaazime lokole yetu kubwa kwa muchezo wao. Muzee mumoja akawauliza: "Munataka kuipiga ao munataka kuikalia?" Watu wakacheka. Vijana hawakucheka. Mumoja wao akajibu: "Muzee, tunataka kwanza kuisikiliza." Tukawakatalia. Tuliona ni jibu la ujeuri. Usiku, wakati wa kurudi nyumbani, tulianza kujiuliza kama hatukukosea, juu kusema kweli hakuna mutu kati yetu aliyekaa na ile lokole kwa kuisikiliza, tangu siku ile muzee aliyejua maneno yake alipotuacha. Tunaipiga siku ya sikukuu, inatoa sauti, basi.

Tangu hapo tulianza kufuata kazi za watu wa namna hiyo, na kwa mutu wa Kisangani jina la kwanza ni lile la Faustin Linyekula. Alizaliwa Ubundu mwaka 1974, akakomalia hapa Kisangani. Wakati université zilipofungwa miaka ile ya 90, alikwenda Nairobi, na ni kule, mwaka 1997, yeye na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walianzisha Gàara, kundi la kwanza la dansi ya namna hii ndani ya Kenya. Mwaka 2001 akarudi Congo, akafungua Studios Kabako ku Kinshasa. Miaka michache baadaye akaleta kazi hapa kwetu, ku Kisangani, muji ambao ulikuwa umepigwa mabomu ya majeshi mawili ya kigeni kwa siku sita ndani ya mwezi wa sita 2000. Kabako ni jina la rafiki yake, muandishi, aliyekufa kwa tauni. Mutu anayeita nyumba yake ya kazi kwa jina la rafiki aliyekufa, hatuoni namna gani tungemuita adui wa mila. Wazee wetu nao waliita watoto hivyo hivyo.

Kitu kilichotushangaza zaidi ni namna yake ya kukusanya watu. Mutu akisikia "koregrafi" anafikiri ni mukubwa mumoja anayeamuru mikono na miguu ya wengine. Tazama lakini kazi inayoitwa More more more… future, ya mwaka 2009. Gita ni ya Flamme Kapaya, mutoto wa Kisangani, yule ambaye vidole vyake tulivijua tangu alipokuwa na Werrason. Maneno ni ya Antoine Vumilia Muhindo, aliyeyaandika akiwa mufungwa ku Makala, baada ya kuhukumiwa kufa ndani ya kesi ya mauaji ya Laurent-Désiré Kabila. Nguo zilishonwa na Xuly Bët, fundi wa Mali anayefanya kazi Paris. Basi fikiria: mutu mumoja yuko huru, anazunguka dunia na gita yake, mwengine amefungwa nyuma ya ukuta, na paka karatasi yake ndiyo inatoka. Wote wawili wako ndani ya muchezo mumoja. Kushirikiana kwa namna hiyo si kukaa pamoja kwenye meza. Ni kubeba sauti ya mutu ambaye hawezi kufika.

Kabla ya hapo, mwaka 2006, kulikuwa Dinozord, kazi iliyofanywa kwa festivali ya Peter Sellars ku Vienna, wakati walipokuwa wanakumbuka miaka 250 ya kuzaliwa kwa Mozart. Dinozord ni jina la kucheza la kijana wa Kinshasa, Jeannot Kumbonyeki, ambaye alitoka ndani ya hip-hop. Pale pale Serge Kakudji, kijana wa Katanga mwenye sauti ya juu kama ya mwanamuke, aliimba muziki ya wafu ya Mozart. Kuko watu waliosema: Mozart anatuhusu nini? Sisi hatuko na shida na Mozart. Makanisa yetu yameimba Kilatini tangu babu zetu, na hakuna aliyeleta mashtaka. Shida yetu iko mahali pengine, na tutafika.

Kazi tunayotaka kukalia sana ni ile iliyoonyeshwa Avignon, ku Ufaransa, mwaka 2019, Histoire(s) du théâtre II. Aliitoa pamoja na NTGent, nyumba ya teatri ya muji wa Gent ku Ubelgiji, ambayo wakati ule ilikuwa inaongozwa na Milo Rau. Sisi tuliiona kwa video tu, na video haiko sawa na kukaa mbele ya mutu anayetoka jasho. Musomaji apime maneno yetu kwa kipimo hicho. Ndani yake mumekuwa wacheza-ngoma watatu wa Ballet National ya zamani: mama Marie-Jeanne Ndjoku Masula, Wawina Lifeteke na Ikondongo Mukoko. Pamoja nao kuko Papy Maurice Mbwiti, mutu wa teatri wa Kinshasa, muchezaji mumoja Mubelgiji, Oscar Van Rompay, na Linyekula mwenyewe. Wanasimulia namna Mobutu alianzisha ballet hiyo mwaka 1974, na namna muchezo wake wa kwanza ulivyokuwa hadisi ya Lianja.

Lianja, kwa wale ambao hawatoki upande wa Wamongo: mama yake Mbombe alikuwa na mimba na alitamani safu, lile tunda tunalolinunua sokoni kila musimu na kulipika ndani ya maji ya moto. Baba yake Itonde alikwenda kuyatafuta mpaka akauawa juu ya ule muti wa safu. Lianja akazaliwa kwa njia ya muguu wa mama yake, tayari na silaha mukononi, na pamoja naye dada yake Nsongo. Alilipiza kifo cha baba, halafu wote wawili wakaongoza watu mpaka kwenye muto mukubwa. Hadisi hiyo haikuwa kitu cha jukwaa. Ilikuwa ya usiku, musimuliaji anasema na kuimba, watu wanamujibu, anakata, anaongeza, kesho anaendelea kwa njia ingine. Kila kijiji kilikuwa na Lianja wake.

Sasa, angalia ni mara ngapi imeshonwa. Padri Edmond Boelaert alikusanya vipande vya wasimuliaji mbalimbali, akatoa kitabu mwaka 1949, na juu yake akaandika kwamba ni hadisi ya taifa la Wankundo. Hapo Lianja akawa mumoja. Mwaka 1974 Serikali ikamuchukua Lianja huyo, ikamutoa mukini, ikamupandisha jukwaani ku Kinshasa na ngoma za makabila mengine, awe wa Zaïre nzima. Ilikuwa wakati wa "authenticité", wakati ambapo watu wa maofisi na watoto wa masomo walicheza kila mara kwa kusifu Kiongozi. Wakubwa wetu wanakumbuka. Wengine walicheza na furaha, wengine walicheza juu kama hauchezi unafutwa kazi. Shujaa anayeongoza watu mpaka kwenye muto mukubwa, ni rahisi kujua sura ya nani ilitakiwa kuonekana pale.

Kwa hiyo wakati wazee watatu wanarudi kucheza Lianja mbele ya watu wa Avignon, wanacheza nini? Mila ya Wamongo? Ao kazi ya Serikali ya Mobutu? Mwanzoni tulijibu haraka: ni propaganda ya zamani, Wazungu wameuziwa tena. Tuliangalia mara ya pili. Mwili wa mutu aliyefundishwa hatua moja akiwa kijana, na ambaye ameibeba zaidi ya miaka 40, bila mushahara wa maana, bila nyumba nzuri ya mazoezi, mwili huo haumuchezei tena Kiongozi. Kiongozi alikufa 1997, hatua ikabaki. Magoti yamechoka lakini mabega yanajua. Hapo ndipo Linyekula aliona kitu ambacho sisi wa chama, na vitabu vyetu vyote, hatukukiona: kwamba hata kitu kilichoamriwa na ofisi kinaweza kugeuka urithi, kama kuko watu waliokilinda kwa miili yao. Sisi tulikuwa tunatafuta mila paka mukini, ndani ya pori. Hawa walikuwa Kinshasa, wanazeeka, na hakuna aliyewauliza.

Haya ni mazuri, na tunayasema kwa moyo. Lakini kuko mambo mawili yanayotukwama kooni.

La kwanza: wasimuliaji wenyewe. Kuko mutu wa Kinshasa, kuko mutu wa Ubelgiji, kuko wazee wa ballet. Yule anayesema Lianja usiku, ku Tshuapa ao upande wa Mbandaka, yeye hayuko. Mara ya kwanza padri alimusikiliza akaandika mahali pake. Mara ya pili Serikali ilicheza mahali pake. Mara ya tatu, kazi inayouliza vizuri sana ni nani alinyamazishwa, nayo imemuacha nje ya mulango. Mutu ataweza kutujibu kwamba muchezo ulikuwa juu ya ballet, haukuwa juu ya Wamongo. Ni kweli. Hata hivyo Linyekula anajua kufanya safari ya namna hiyo wakati anataka. Mwaka 2017, ku New York, ndani ya Metropolitan Museum, alitoa Banataba pamoja na Moya Michael, muchezaji wa Afrika ya Kusini. Jina lile ni la kijiji cha upande wa mama yake, na mwanzo wa kazi ulikuwa sanamu moja ya Walengola iliyokuwa imelala ndani ya ghala la museum ile. Kwa sanamu ya upande wa mama alirudi mpaka kijijini. Tungependa aliyemutafuta mutu wa Lianja afike mbali vile vile.

La pili ni lile la feza na mahali. Vienna, Avignon, New York, London: majina ya kazi hizi yanasomwa kwanza kule. Linyekula ameonyesha kazi hapa Kisangani pia, na ku Lubunga, ng'ambo ya muto, Studios Kabako ilijishughulisha hata na maji ya kunywa. Yeye na Bärbel Müller, muarchitekti wa Vienna, walifikiri vituo vidogo vitatu ndani ya mitaa, badala ya nyumba moja kubwa ya kujionyesha. Wazo hilo tulilipenda sana, juu nyumba kubwa ku Kisangani mara nyingi inamalizikia kwa kuwa depo ya simenti. Hatumuhukumu yeye. Lakini mutu anayelipa ndiye anachagua tarehe, na anayechagua tarehe anachagua pia ni nani ataketi mbele. Ku Lubumbashi, marehemu Dorine Mokha alijaribu njia ingine pamoja na Muswisi Elia Rediger: Hercules wa Lubumbashi, muchezo juu ya migodi, ambapo mumoja wa huku na mumoja wa kule walitia sahihi pamoja. Mokha alituacha mwezi wa kwanza 2021, bado kijana. Hatujui nani ataendeleza swali lake la nani anatia sahihi na nani anapanda ndege.

Jambo moja dogo la Lianja linaturudia kila mara. Watu wanasema "Lianja", wanaandika "Lianja", lakini padri aliweka kwenye kitabu chake jina la Nsongo mbele. Ndani ya hadisi, kaka hafanyi safari bila dada. Ni Nsongo anayeona, anayetaka, anayesukuma. Kwenye afishi ya muchezo wowote sisi tunaangalia sasa jambo hili kwanza: ni jina la nani limeandikwa kwa herufi kubwa, na Nsongo yuko wapi. Mara nyingi yuko chini kabisa, ao hayuko.

Tuliwaita wale vijana wanne warudi. Watatu walikuja, wa nne amekwenda Kampala kutafuta maisha. Tuliwapa lokole kwa majuma matatu, na masharti tuliyoyajadili mpaka usiku. Wazee wawili ambao bado wanakumbuka vipande vya maneno yake watakaa nao kwenye mazoezi, na watalipwa kwa siku sawa na wachezaji. Majina yao yataandikwa kwa herufi za ukubwa mumoja. Na mara ya kwanza muchezo utaonyeshwa hapa, kwenye parseli ya chama, bure, kabla ya kwenda popote. Kijana mumoja alinungunika juu ya sharti la mwisho, anasema kuko festivali moja inayotaka kitu ambacho hakijaonekana bado. Yule muzee aliyeuliza habari ya kuikalia akamujibu: "Basi waambie wapande masuwa." Muzee huyo amekwisha kufika kwenye mazoezi mara mbili. Anasema bado haelewi kitu. Juzi alituuliza tena mazoezi yatakuwa siku gani.