Tembe la Kwihara ni la Nani?

Kwihara, karibu na mji wa Tabora, lipo tembe ambalo wengi hulijua kwa jina la Livingstone, aliyekaa humo tangu Februari hadi Agosti 1872. Leo ni makumbusho. Na mwaka 2006 njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, iliingizwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia.

Kuhifadhi ni jambo jema, lakini jina hilo lapotosha. Mgeni alikaa miezi michache tu. Waliokandika kuta hawatajwi. Udongo na miti vilipatikana jirani, wala havikudai tanuri la matofali, ambalo hula misitu ya miombo. Kuta nene huzuia joto la mchana. Hata hivyo, mvua huumomonyoa udongo, na ukuta sharti ukandikwe tena. Nyumba ya namna hii hudumu kwa ujuzi na ushirikiano wa watu.

Basi mwalimu awapelekapo wanafunzi Kwihara, asiwaulize tu nani alilala humo. Awaulize nani alijenga, nani alipita njia hiyo akiwa na pembe begani au mnyororo shingoni, na nani miongoni mwao ajua kukandika ukuta. Ujuzi huo ukipotea, jengo lenyewe halitasimama.