Mtazame Kadhi

Zimefika Ozi karata mpya za ramli, na tangu zifike nasikia sifa tu: rangi, dhahabu ya pembeni, picha za majini na wafalme. Vijana wanaonyeshana kwenye simu, na hata watu wazima wanaoijua ramli wanaitikia. Nimezishika, nimezipiga. Ni kazi mbovu, na ubovu wake hauko kwenye picha.

Anayetaka kupima ramli yoyote, ya mchanga, ya karatasi au ya karata, amtazame kadhi, yaani sura ya mwisho, ahesabu nukta zake. Kadhi ni shufwa siku zote. Nukta za mama wanne, yaani sura nne za mwanzo, ndizo zizo hizo zinazopangwa upya kuwa mabinti, kwa hiyo zikishuka kwa wajukuu mpaka kwa mashahidi, kila nukta imeingia mara mbili. Katika sura 16, nane tu ndizo zinazoweza kukaa kwenye kiti kile. Tariki anaweza, Jamaa anaweza, Ijtimai na Ukla pia. Humra ana nukta saba, hawezi, Bayadhi vilevile. Sasa fungua kijitabu cha karata hizi: mfano wa kwanza kabisa, Humra ndiye kadhi, kwa wino mwekundu, na ukurasa mzima wa vitisho. Aliyekitunga hajapata kupiga ramli moja ikafika mwisho.

Mzee mmoja niliyemjua upande wa Kipini alipiga kwa mchanga mkavu wa pwani, kamwe si wa mtoni, mistari 16 bila kuhesabu. Siku moja akaja mganga mpita njia, akamwambia mama ambaye mwanawe alikuwa hajarudi kutoka baharini kwamba kadhi ni Humra, na dawa yake mbuzi. Mzee akaenda, akaketi, akatazama. "Bwana, kadhi wako ni witiri. Hebu nionyeshe mama zake." Yule mtu akaufuta mchanga kwa kiganja. Mbuzi akarudi nyumbani.

Kijitabu kinaagiza uchange karata, uvute 15. Ramli hutaka nne. Zile 11 huzaliwa kutoka kwa hizo nne za mama. Na hata hizo nne hazitoki sawa, maana pakiti ina karata moja kwa kila sura: Tariki akishatoka, hatoki tena. Mchangani mama wote wanne wanaweza kuwa Tariki. Ramli zinazowezekana ni 65,536. Karata hizi zinabakiza 43,680. Theluthi imepotea, na humo ndimo zilimo ramli nzito kuliko zote.

Tarot ya Ulaya ni jambo jingine. Ilianza kama mchezo, Italia, karne ya 15. Karata zake ni 78, na Pamela Colman Smith alipozichora zile zilizotoka mwaka 1909, picha ndiyo iliyobeba maana. Waliounda karata hizi za ramli wameiga picha, wakaiacha hesabu. Wala sikatai chombo kipya. Muhammad ibn Khutlukh aliunda kifaa cha shaba cha kupigia ramli mwaka 1241 au 1242, kipo British Museum, London, na ramli yake ni ramli.

Mengine ni mepesi. Nukta ziwe nyeusi, za mviringo, za ukubwa mmoja. Mgongo wa karata uwe mtupu. Karatasi ising'ae, maana kwa unyevu wa huku mdomoni mwa Tana inanata. Sura ya binadamu haina nafasi katika ramli. Zamani mwanafunzi hakuruhusiwa kumsomea mtu mpaka awajue mabinti kwa kidole, gizani. Leo anapewa pakiti na kijitabu, jioni ana wateja.

Aliyekwisha nunua asizitupe. Avute moja, aiandike, airudishe, achange tena, mpaka zitimie nne. Mabinti, wajukuu na mashahidi awatoe mwenyewe kwa penseli. Akifika kwa kadhi akakuta witiri, asiseme neno kwa mteja. Arudi kwa mabinti, aanze na wa tatu, ambako wanaojifunza hukosea zaidi.