Vimondo na Daftari Zake: Kilichoandikwa na Kilichoachwa

Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Maumbile, mjini Washington, yana mmoja kati ya mikusanyiko mikubwa ya vimondo duniani. Wasomaji wetu wengi wanaokaa Maryland na Virginia wamepita mbele ya makabati yale wakiwa na watoto wao. Wachache hufikiri kwamba elimu ya mawe hayo inagusa pia nchi za wazee wetu, na kwamba habari za nchi hizo zimeandikwa nusu. Hapa tunataka kuizungumzia nusu iliyoachwa.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili husema kimondo kwa mwali unaopita angani, na kimondo pia kwa jiwe linalobaki ardhini. Kiarabu kina shihabu kwa ule mwali, na jiwe huliita naizaki, neno lililotoka katika Kiajemi kwa maana ya mkuki mfupi. Daftari la makumbusho halina haja na mwali. Linataka jiwe: uzito wake, kundi lake, mahali na tarehe lilipopatikana, na nani anacho kipande kipi.

Kazi hiyo ina heshima yake, na hatuidharau. Taasisi ya Smithsonian iliundwa mwaka 1846 kwa wasia wa James Smithson, mwanakemia wa Kiingereza ambaye hakuwahi kukanyaga Marekani. Madini aliyoyakusanya maisha yake yote yaliteketea katika moto wa Januari 1865. Kitu kikishapotea hivyo, hubaki kile tu kilichoandikwa juu yake. Mwaka 1916 George P. Merrill alichapisha katalogi ya vimondo vya makumbusho hayo ya Washington, na mwaka 1923 G. T. Prior akatoa London katalogi ya vimondo vyote vilivyojulikana duniani, ambayo imeendelea kurekebishwa hadi chapa ya tano ya mwaka 2000. Bila ya kazi hizi, jiwe lililokatwa vipande kumi likagawiwa miji kumi lingehesabiwa kuwa mawe kumi.

Lakini daftari ni waraka kama waraka mwingine wowote, na sisi tuliozoea kusoma hati za nasaba, za mashamba na za mahakama za kadhi tunajua kuuliza: nani ameandika, na nani hakuulizwa?

Chukua kimondo cha Mbozi, kilichoko kusini-magharibi mwa Tanzania. Ni pande la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita tatu. Uzito wake wengine husema tani 12, wengine 16. Katika maandishi ya kitaalamu kimepatikana mwaka 1930, na aliyekipata ni mpima ardhi W. H. Nott. Wenyeji wa hapo walikuwa wakikijua kabla Nott hajazaliwa. Kwa hiyo neno “kupatikana” hapa maana yake ni kuonekana na mtu aliyeweza kuandikia jarida la Ulaya. Kuna na jambo la herufi: jina lake rasmi katika orodha ya kimataifa mpaka leo ni Mbosi, kwa s ya karani wa zama za Tanganyika, ingawa wilaya yenyewe huandikwa Mbozi. Familia ngapi kati yetu zimebeba jina lililoharibiwa na karani wa bandarini au wa uwanja wa ndege? Tunajua uzito wa herufi moja.

Hukohuko kusini-magharibi, tarehe 16 Desemba 1938, lilianguka Ivuna jiwe lisilofika hata kilo moja. Udogo wake haukulizuia kuwa mashuhuri. Wataalamu wa dunia nzima huita kundi la vimondo vinavyokaribiana zaidi na mata asilia ya jua na sayari kwa herufi CI, na ile I ni Ivuna. Mwaka 2023 chombo cha Marekani kilirudisha gramu 121.6 za udongo wa asteroidi Bennu, na Novemba ya mwaka huo makumbusho ya Washington yakawa ya kwanza kuonyesha sehemu yake kwa watu wote. Kemia ya udongo ule hulinganishwa na ya CI, yaani na kijiji cha Tanzania. Mwaka 2025 ikatangazwa kuwa ndani ya sampuli za Bennu mna chumvi zilizobaki baada ya maji kukauka. Wanahistoria wanaijua Ivuna kwa chumvi pia: uchimbuzi wa kiakiolojia wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu wa hapo walikuwa wakitengeneza chumvi karne nyingi kabla ya ukoloni. Anayeisoma katalogi hapati dokezo lolote la habari hiyo. Ivuna kwake ni herufi moja.

Oman nayo ina kesi yake. Tangu mwaka 1999 jangwa la Dhofar, la Jiddat al-Harasis na la Sayh al-Uhaymir limetoa vimondo kwa maelfu, vikiwemo vilivyotoka Mwezini na Mirihi. Kwa kuwa ni vingi, kila kimoja hupewa jina la eneo na namba: Dhofar pekee ina zaidi ya 1,000. Utaratibu huu wa namba unafanana na ule unaotumika Antaktika, ambako Wamarekani wamekuwa wakikusanya vimondo tangu mwaka 1976, na Smithsonian ikishiriki kuvipanga makundi. Barafuni namba inafaa, kwani hapana kabila lililochunga mifugo pale. Jiddat al-Harasis si barafu. Jina lenyewe linataja wenyewe, Harasis, watu wenye lugha yao na njia zao za maji. Kuna na doa jingine: katika taarifa za vimondo vingi vya Dhofar, aliyeokota hakutajwa jina. Jiwe lina namba kamili. Mkono uliolibeba kulivusha mpaka hauna jina. Timu ya Oman na Uswisi, iliyoanza mwaka 2001, imeonyesha kuwa kazi inaweza kufanywa vingine, kwa ruhusa na kwa kuandika mahali halisi.

Hatari ya kuacha mambo hivi imeonekana Somalia. Pande la chuma la tani zipatazo 15 karibu na El Ali lilijulikana kwa wafugaji wa ngamia kwa vizazi kwa jina la Shiid-birood. Mwaka 2022 wataalamu wa Kanada walitangaza kuwa katika kipande cha gramu 70 wamekuta madini yasiyopata kuonekana katika maumbile. Moja likaitwa kwa jina la mji, jingine kwa jina la mwanasayansi wa Marekani. Pande lenyewe liliripotiwa kuwa limeshapelekwa China likitafutiwa mnunuzi. Gramu zimehifadhiwa, tani zimeondoka.

Wapo watakaosema kwamba makumbusho si mahali pa visa vya wazee. Mfano wa New York unawajibu. Kimondo cha Willamette ni kitukufu kwa wenyeji wa Oregon, wanaokiita Tomanowos. Mwaka 2000 makumbusho yaliandikiana nao mkataba: jiwe libaki, nao waende kulizuru na kufanya ibada yao kila mwaka. Sayansi haikupungua hata gramu.

Tunachodai, basi, si kurudishiwa kila kipande. Tunadai nafasi nne zaidi katika kila ukurasa wa daftari: jina la jiwe kwa lugha ya wenyeji, tahajia sahihi ya mahali, na kwa Oman kwa herufi za Kiarabu, nani alilijua kabla ya kuandikwa, na kwa ruhusa ya nani liliondoka. Hizo tatu za mwanzo bado wako wazee, Muscat, Mbeya na hata Virginia, wanaoweza kusaidia kuzijaza. Lakini wazee hawangoji chapa ya sita. Mwenye habari na aiandike sasa, aiweke tarehe na jina la aliyemsimulia, kama tunavyofanya kwa nasaba. Makumbusho yakija kuuliza, yakute jibu liko tayari.