Mtoto na Kilima: Uhakiki wa "Winter 1946"

Katika mchoro huu wa Andrew Wyeth wa Marekani, mvulana mwenye koti na kofia anateremka kilima mbio. Sijawahi kuona theluji, na hapa ipo kidogo tu. Zile nyasi za kahawia nilidhani ni za kiangazi. Koti ndilo lililonifundisha baridi.

Darasani tulisema mtoto anacheza. Kisha nikasoma kwamba baba yake Wyeth, naye mchoraji, aligongwa na treni akafa mwaka 1945, upande wa pili wa kilima hicho, Pennsylvania. Je, mchoro unaohitaji maelezo umeshindwa kazi yake?

Nasema la. Huzuni ilikuwamo tangu mwanzo. Kilima kimejaza karibu mchoro mzima. Mbingu imebanwa juu. Kwa rangi iliyokorogwa na kiini cha yai, Wyeth amechora nyasi kwa subira kubwa, lakini hakutuonyesha mtoto anakokimbilia. Anayecheza huwa na mwenzake au mahali pa kufika. Huyu ana kivuli chake tu. Habari ya kifo ilinitajia sababu. Upweke nilikwisha kuuona, nikauita mchezo.