Darasa Ambalo Nikumbh Alilipita

Nikitaja kazi yangu mbele ya wageni, hazipiti dakika tano kabla sijaulizwa kama nimeiona *Taare Zameen Par*. Nafundisha kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili na usonji katika shule ya msingi ya serikali jijini Dar es Salaam. Filamu hiyo ya Aamir Khan ilitoka Desemba 2007. Katika pwani hii, ambako sinema za Kihindi zilitazamwa tangu enzi za babu zetu, watu wengi ambao hawajawahi kukanyaga darasa la elimu maalumu wanalijua kupitia filamu hiyo. Nami, kwa kuwa napimwa kwayo kila mara, naona nina haki ya kuipima.

Nianze na sifa, maana inazistahili. Ishaan ni mtoto wa miaka 8 kutoka Mumbai. Kusoma kunamshinda, kuandika kunamshinda, na baba yake anaamini ni uvivu na utundu tu. Filamu haikimbilii kutuletea mwokozi. Inakaribia nusu kabla Ram Nikumbh, mwalimu wa sanaa anayeigizwa na Aamir Khan mwenyewe, hajaingia darasani amevaa kama mchekeshaji. Muda wote huo tunakaa na mtoto. Tunaziona herufi zikimchezea machoni, tunamwona anavyoanza kunyamaza akishapelekwa bweni. Mwalimu anapofika, sisi watazamaji tunamjua Ishaan kuliko anavyomjua yeye. Makala nyingi kuhusu watoto wenye ulemavu huanza na mwalimu au mfadhili, na mtoto huja baadaye kama ushahidi wa wema wake. Filamu hii iliukwepa mtego huo.

Kipo pia kile kipande cha boksi. Nikumbh amekwenda nyumbani kwa kina Ishaan. Anampa baba boksi lenye maandishi ya Kijapani, anamtaka asome. Baba hawezi. Mwalimu anamgeuzia lawama zilezile anazomtupia mwanawe, kwamba huo ni utundu. Nimekaa kwenye semina za siku tatu zilizoshindwa kueleza disleksia vizuri kama dakika ile moja.

Tatizo langu liko kwingine, na wengi hawalikumbuki ninapolitaja. Nikumbh ana kazi nyingine. Pale shule ya bweni ni mwalimu wa muda tu. Anafundisha pia Tulips, shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Filamu inatupitisha hapo, inatuonyesha nyuso na vicheko, kisha inarudi kwa Ishaan. Darasa la elimu maalumu limo ndani ya filamu, lakini tumeruhusiwa kulichungulia dirishani tu. Kwa nini hadithi haikukaa Tulips?

Nadhani ni kwa sababu tatizo la Ishaan linaingia vizuri ndani ya saa tatu za sinema. Lina jina, lina njia, lina mwisho. Nikumbh anamfundisha herufi kwa mchanga na udongo, hesabu kwa kupanda na kushuka ngazi. Mwishoni mtoto anasoma, anashinda mashindano ya uchoraji, na mchoro wake unapamba jalada la kitabu cha mwaka cha shule. Mtoto wa Tulips hana zawadi kama hiyo ya kumpa msimulizi.

Darasani kwangu mwaka unaweza kupimwa kwa kifungo cha shati. Tunaanzia mwisho wa kazi: mimi naingiza kifungo nusu tunduni, mtoto anakivuta kitokeze. Akizoea, namwachia hatua mbili, halafu tatu, mpaka siku anaposhika shati mwenyewe tangu mwanzo. Kwa mwanafunzi wangu mmoja safari hiyo ilichukua mihula miwili. Wakati huohuo mwingine anahitaji kupelekwa chooni, mwingine dawa yake ya kifafa imefika saa yake, na yupo anayeziba masikio kwa sababu gari la matangazo limesimama nje ya ukuta na spika zake. Honi ya daladala ikilia, nahesabu vichwa, maana mmoja wao huipenda sana na geti halifungi vizuri. Nikumbh alipata saa za kukaa na mtoto mmoja. Jiji halinipi nafasi hiyo.

Wapo watakaosema nailaumu papai kwa kutokuwa embe: filamu ni ya disleksia, si ya kitengo changu. Ningekubali, kama isingekuwa imefundisha jambo ambalo linafika hadi kitengoni.

Mama mmoja aliyekuwa akimleta mwanawe kwa daladala mbili kila asubuhi aliniuliza, "Mwalimu, huyu wangu kipaji chake ni nini?" Nikamwambia, "Mama, siku hizi anafunga zipu ya begi mwenyewe, na akitaka maji anaonyesha kikombe." Akanijibu kwa upole, "Hayo nayaona, mwalimu. Nauliza kipaji." Alikuwa ameiangalia filamu kwa jirani yake, na alikuwa akisubiri mwanawe aanze kuchora.

Swali lile limo ndani ya filamu yenyewe. Nikumbh anawatajia wanafunzi wake watu mashuhuri anaosema waliwahi kupata shida na herufi: Einstein, Leonardo da Vinci, Edison, Agatha Christie. Kwa Ishaan ni faraja kubwa, na mwigizaji mdogo Darsheel Safary anaipokea kwa macho yasiyosahaulika. Lakini faraja hiyo ina bei. Inamwambia mzazi amvumilie mtoto kwa kuwa huenda ndani yake amelala da Vinci. Filamu iliyojitangaza kwa kusema kila mtoto ni wa pekee inamalizia kwa kumpa mmoja ushindi. Na yule ambaye ndani yake hakulala mtu mashuhuri yeyote, ambaye atakua awe kijana anayejua kuvuka barabara na kurudishiwa chenji yake dukani, ataingia shule kwa tiketi gani?

Mwaka 2025 Aamir Khan alirudi na *Sitaare Zameen Par*, iliyotokana na filamu ya Kihispania *Campeones* ya 2018. Safari hii wenye ulemavu wa akili wako katikati ya uwanja, 10, wakiigizwa na watu wenye hali hizo wenyewe. Wana majina, utani, hasira na kazi zao. Ni hatua kubwa, na niliipokea kwa furaha. Hata hivyo anayetuongoza kuwaona ni kocha wa mpira wa kikapu aliyepelekwa kwao na mahakama kutumikia adhabu. Bado sinema inamwamini zaidi mgeni anayekuja, akabadilika, akaondoka. Aliyekuwepo kabla yake na atakayebaki baada yake anapewa nafasi ya pembeni.

Nawaambia haya wasomaji wa gazeti hili kwa sababu baadhi yenu huandika, na shule kama yangu huwavutia. Mnakuja siku ya maadhimisho, watoto wamevaa fulana mpya. *Taare Zameen Par* nayo inamalizika siku ya kufunga shule: wazazi wamekuja kuchukua watoto, Ishaan anamkimbilia mwalimu wake, anarushwa juu, tunafuta machozi.

Mimi ningependa kumwona Nikumbh shule zikifunguliwa. Januari, baada ya likizo ndefu, watoto kadhaa hurudi kitengoni wamesahau. Natoa tena lile shati la mazoezi, naingiza kifungo nusu tunduni, nasubiri mkono mdogo uje ukivute.