Vimrc Moja, Kompyuta Tatu

Mtengeneza programu ninayemtazama ana kompyuta tatu: Mac ya ofisini, laptopu ya Linux nyumbani, na seva ya mbali asiyowahi kuitia machoni. Zote huzifanyia kazi kwa kihariri kimoja, Vim, alichokitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991. Anataka popote anapoketi, vidole vyake vikute mambo yale yale.

Mipangilio ya Vim hukaa katika faili la maandishi liitwalo .vimrc. Wengi hulinakili kompyuta hadi kompyuta, na haupiti muda kila nakala inashika njia yake. Yeye anaunda folda, analihamishia humo faili na kuliondolea ile nukta ya mwanzo inayolificha. Kisha anaandika ln -s. Pale faili lilipokuwa sasa pana kiungo tu, kinachoielekeza Vim ndani ya folda. Anakihakiki kwa ls -l, herufi kwa herufi, ndipo anaikabidhi folda kwa Git, inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko.

Ugumu uko mbele, kwa kuwa mashine hazifanani. Kwenye Mac, ili maneno yaliyonakiliwa ndani ya Vim yabandikike katika programu nyingine, anaandika set clipboard=unnamed; kwenye Linux yake inatakiwa unnamedplus. Hatengenezi mafaili mawili. Anaweka sharti: ikiwa has('macunix') ni kweli, chukua hili, la sivyo, chukua lile. Rangi anazozipenda hazijawekwa kwenye seva, basi mbele ya colorscheme anatanguliza silent!, Vim ikizikosa iendelee bila kulalamika. Amechagua nafasi badala ya tabo kwa mafaili yote, ila Makefile, ambayo bila tabo haifanyi kazi, ameipa mstari wake.

Yanayohusu mashine moja peke yake huenda kwenye .vimrc.local, faili lisiloingia kwenye Git kamwe. Mwishoni mwa vimrc anauliza kwa filereadable kama faili hilo lipo, likiwepo, lisomwe. Nywila na anwani za kazini haziingii kwenye folda hata kwa dakika moja, kwa sababu Git haisahau kirahisi.

Kinachonivutia zaidi ni namna anavyopokea mstari mpya. Haubandiki hivi hivi. Anaandika :help na jina la mpangilio, anasoma hadi mwisho, anaujaribu kwenye laptopu, anafanya nao kazi kwa siku kadhaa. Ukifaa anauhifadhi, na katika maelezo ya Git anaandika kwa nini ameuweka. Usipofaa anaufuta. Faili lake ni fupi, na hakuna mstari humo asioweza kuueleza.

Katika kurasa hizo hizo za msaada ipo :help uganda, ambamo Moolenaar, aliyefariki mwaka 2023, aliwaomba watumiaji wa Vim wawachangie watoto wa Kibaale, Uganda. Naona uzuri mkubwa katika hilo: chombo cha bure kilichoomba kwa ajili ya wengine.

Zamu ya seva imefika. Anaingia kwa ssh, anavuta folda kwa git clone, anaunga kiungo, anafungua Vim. Kisha anajaribu kila kitu kimoja kimoja: namba za mistari, utafutaji, Makefile. Rangi hazipo, na Vim haikulalamika.