Fyuzi Hukaa Jirani na Betri

Sabufa iliyofungwa mbele ya watu kwenye Corolla 110 moja ya Kashai, huku kwetu Kagera, ingekuwa kazi ya mfano. Imeharibiwa na uamuzi mmoja. Fundi alitoa waya kwenye chanya ya betri, akaupitisha hadi kwenye buti, akaukaza kwenye amplifaya, kisha akafunga boneti. Fyuzi hakuweka. Mwenye gari alipouliza, alijibiwa mbele ya watu wote: "Fyuzi zipo kwenye amplifaya yenyewe, waitu. Ziko mbili, usihofu." Gari likawashwa, besi ikapiga, vijana wakashangilia, na jibu lile likapita bila kupingwa na mtu.

Lilipaswa kupingwa palepale. Zile fyuzi 2 za ampea 20 zilizo ubavuni mwa amplifaya zinalinda amplifaya. Waya wenyewe, wenye urefu wa mita 5 hivi kutoka betri hadi buti, haziulindi hata kidogo. Waya ukichubuka na kugusa bodi chini ya dashibodi, umeme utapita hapo hapo na kurudi kwenye betri. Hautafika nyuma. Fyuzi za amplifaya zitabaki nzima kabisa huku waya ukiungua chini ya kapeti, na kapeti pamoja nao. Fyuzi ya waya mkuu huwekwa upande wa betri, na maelekezo ya vifaa vya redio za magari husema isizidi inchi 18 kutoka kwenye chanya, yaani kama sentimita 45. Sababu ni hiyo moja tu: kipande chochote cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Kwa Corolla ile, kipande hicho ni waya wote.

Sasa tuufuate waya wenyewe, maana mliokuwa mmesimama upande wa buti hamkuuona. Kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria, fundi alitoboa tundu jipya kwa drili. Kingo za tundu ni kali, hakuzipiga tupa, wala hakuweka raba. Alizungushia waya tepu nyeusi mara mbili, akausukuma ndani. Kutoka hapo umepita chini ya kapeti, kando ya reli ya kiti cha dereva, hadi nyuma. Injini inatetemeka kila siku ikiusugua waya ule kwenye bati. Barabara za ndani za Kashai zenye mawe nazo zinausugua. Ukiongeza safari za Kemondo na Muleba, tepu ile haina maisha marefu.

Na waya gani? Ule wa milimita za mraba 2.5, wa kufungia soketi za nyumba. Ndani ya ukuta wa nyumba, waya huo hupewa mzigo wa ampea 20 na kitu. Betri ya gari ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea bila kusita, kwa sababu imeundwa kuzungusha stata. Waya wa namna hiyo ukipewa mkondo wa namna hiyo, plastiki yake huanza kuyeyuka ndani ya sekunde chache, na hakuna swichi ya kuzima. Dereva atakachoweza kufanya ni kufungua boneti na kutafuta spana moshi ukiwa umeshatanda.

Kuna watakaosema mwenye gari alikuwa na bajeti ndogo. Sikubali. Kishikio cha fyuzi na fyuzi yake ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa vinavyohitajika kwenye kazi ile. Zile taa za rangi zilizozungushwa kwenye boksi hazikuhitajika, na zilinunuliwa. Mafundi wa zamani waliokuwa wakifunga redio kwenye mabasi na Land Rover hawakuwa na hela wala vifaa kutuzidi sisi, lakini kutoa waya kwenye betri bila fyuzi kwao ilikuwa aibu. Walijua gari la zamani lina nyaya zilizokauka, bati lenye kutu na raba zilizopasuka, kwa hiyo walilihurumia zaidi, si pungufu.

Mengine yalikwenda vizuri: arthi ilikwanguliwa rangi hadi bati likang'aa, na redio ya kiwandani haikutupwa, kwani amplifaya ilichukua sauti kwenye nyaya za spika za nyuma.

Boksi linastahili zaidi ya sentensi moja. Spika ni moja ya inchi 10, ndani ya boksi la MDF ya milimita 18, limezibwa kila upande, halina tundu la kupumulia. Hapo fundi aliwashinda wenzake wengi, ambao siku hizi kila boksi wanalitoboa kwa sababu tundu linaongeza kelele. Mwaka 1954 Edgar Villchur wa Marekani alitoa spika yake ya AR-1. Alikuwa amegundua kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya boksi dogo inaweza kufanya kazi ya springi, ikairudisha koni mahali pake kwa usahihi kuliko springi za kawaida. Kabla yake, besi ya chini ilidai kabati kubwa. Ndani ya gari faida hiyo huongezeka: boksi lililozibwa hupungua nguvu taratibu kadiri sauti inavyoshuka, na chumba kidogo cha gari huikuza sauti ya chini kwa karibu kiasi kilekile. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika za milangoni hazitoi sauti hiyo vizuri. Spika ya inchi 10 ndani ya boksi zuri, tena bila gharama kubwa, inaitoa.

Ndiyo maana nilisikitika kazi ilipojaribiwa kwa amapiano peke yake. Besi ndefu inayovuma haimwambii fundi chochote. Ingepigwa ngoma ya Saida Karoli, binti wa huku kwetu Kagera, ambapo pigo la ngoma huanza na kukatika, tungesikia kama koni inasimama pigo linaposimama. Hicho ndicho kipimo. Sauti kubwa yoyote inaweza kutikisa kioo cha nyuma.

Na zile wati 1,500 zilizochapwa kwenye bati la amplifaya, nimeshaandika na nitaendelea kuandika, hazipo. Zidisha fyuzi kwa volti: ampea 40 mara volti 13.8 ni wati 552 zinazoingia. Amplifaya ya aina ya AB hupoteza karibu nusu kwa joto, kwa hiyo zinazotoka ni wati 300 hivi, ikikazwa hadi mwisho. Zinatosha kabisa. Lakini waya ule wa 2.5, kwa mita 5 na ampea 40, unakula karibu volti 1.5 njiani, kwa hiyo hata hizo 300 hazifiki. Shaba ya milimita za mraba 10 ingepoteza chini ya volti 0.4. Inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Ni ngumu kukunja, lakini ni shaba, wakati nyaya nene za rangi zinazouzwa kwenye mafungu ya bei poa mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba juu. Zinang'aa, na umeme zinaupitisha vibaya. Vijana wanaoiga nganya, yaani matatu zilizopambwa za Nairobi, kwa kutazama video wanaona spika na taa. Kilichopita chini ya kapeti hawakioni, na fundi wa Kashai hapaswi kujifunzia hapo.

Kwa mwenye Corolla: usiende nayo Muleba ilivyo. Chukua spana namba 10, chomoa waya ule kwenye chanya ya betri leo. Sabufa itanyamaza, gari litatembea kama kawaida. Mrudishie fundi aweke raba kwenye tundu la bati na kishikio cha fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Fyuzi hupimwa kwa waya, haipimwi kwa amplifaya: kwa waya uliopo sasa, ampea 25, na ikikatika muziki ukiwa juu usiweke kubwa zaidi. Ukibadilisha waya kuwa shaba ya milimita za mraba 10, weka ya 40.